Redio Mbili Juu ya Kinu

Mjomba aliponiuliza kama nakubali tubadilishane redio, nilipaswa kusema hapana. Redio ilikuwa yangu. Siku ya kumaliza matanga ya baba, wazee waligawa vitu vyake mbele ya watu: baiskeli na jembe kwa baba mdogo, koti kwa babu, redio kwa mtoto. Mtoto ndiye mimi. Na kwa desturi ya kwetu, kitu kilichotajwa hivyo mbele ya watu hakichukuliwi na mkubwa yeyote bila neno la mwenyewe, hata kama mwenyewe bado anavaa kaptula iliyotoboka makalioni. Ndiyo maana mjomba, mtu mzima mwenye biashara yake kule ziwani, aliinama akaniuliza kwa heshima. Nami nikamjibu, "Sawa, mjomba." Basi. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa nimeyazoea maumivu ya jambo hili kama mtu anavyozoea jino bovu, hadi mwaka huu mjukuu wangu alipokuja likizo hapa kwangu Misunkumilo, Mpanda. Anasoma chuo, mambo ya kompyuta. Alikuja na kijidude kidogo mfano wa flashi, kinachochomekwa kwenye simu, akaniomba futi yangu ya chuma, ile ya kupimia mbao. Nikampa. Kufumba na kufumbua ameikata vipande, amevifunga kwenye mti wa fagio, ameunga waya, anasema hiyo ndiyo antena.

"Ya kushikia nini?"

"Ya kushikia kituo cha anga, babu. Kinapita jioni hii juu yetu. Wiki hii wanatuma picha."

Watoto wa jirani walijaa uani. Mmoja akauliza kama itashika na mpira. Mama yao akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Babu, ukipata zile chaneli za bure usinisahau na mimi!" Tukacheka. Mjukuu akainua ule ufagio wake kuelekea upande wa Sitalike, na simu ikaanza kutoa mlio, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko huku akipiga mluzi. Kisha kwenye kioo picha ikaanza kuchoreka, mstari chini ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Kwanza rangi ya bluu. Halafu ukingo wa dunia. Halafu uso wa mtu anayecheka, amevaa nguo za kule.

Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya jiko.

"Babu, vipi macho?"

"Moshi."

"Moshi wa gesi?" akauliza, maana kwangu siku hizi tunapikia gesi.

 Nilikuwa nimerudi Kasansa, kwa bibi yangu mzaa baba, nyuma ya kihenge cha mahindi, na kulikuwa na mtu mwingine pale karibu yangu.

Sijui kama wewe umewahi kukaa Kasansa ya zamani zile. Mashamba yalikuwa yanaanzia mlangoni. Wakati wa mahindi machanga kazi yetu sisi watoto ilikuwa kuinga ngedere, na ngedere wa kule walikuwa wanatujua kwa sura. Wakiona aliyekaa kichanjani ni mtoto wa kike wanashuka bila hofu, wakiona mtu mzima wanasubiri. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi wenye karanga zilizotwangwa. Mvua za kwanza zikinyesha, bibi aliingia msituni kuchuma uyoga, akarudi na kapu kichwani, na nyumba nzima ikanuka udongo mbichi na uyoga unaochemka. Dagaa wa Tanganyika waliletwa na mjomba, yeye mwenyewe akinuka kama wao. Jioni sauti zilikuwa chache: kinu cha jirani, mbwa, kengele za ng'ombe wa Wasukuma.

Hao Wasukuma walikuwa wamefika miaka michache nyuma wakitokea kaskazini na mifugo yao. Sisi Wapimbwe tuliwatazama kwa jicho la pembeni. Ng'ombe wao walikuwa wengi kuliko watu wetu, na hawakujua mpaka wa shamba ni nini. Lakini mtoto wao mmoja alikuja kukaa dawati moja na mimi, na siku ya kwanza tu akanifungulia jani lenye matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akaninyooshea bila kuniangalia. Nikala. Siku iliyofuata nikampelekea karanga. Huo ndio ukawa mwanzo.

Tulitaniana bila kuchoka. "Nyie Wapimbwe mnafuga kuku tu," alikuwa akiniambia, "na kuku wenyewe wanawakimbia." Mimi namjibu kwamba wao wanalala na ndama kitanda kimoja, na asubuhi hawajui nani alikojoa. Bibi akisikia anatufukuza na mwiko, kisha anatuita tena tule.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana aliyetoka Tabora, mwembamba, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila siku. Siku moja alituambia darasani kwamba muda ule ule tunaoongea, kuna vyombo vinaizunguka dunia, vingine bila watu, na kwamba vinapiga kelele njia nzima.

Rafiki yangu akanyoosha mkono. "Vinampigia nani kelele, mwalimu?"

"Vinawapigia wenyewe, waliovirusha. Lakini sauti ikishatoka huko juu haimchagui mtu. Mwenye redio ya kufika huko anaisikia."

Nikasema kwetu kuna redio. Darasa likacheka, maana kila mtu alijua redio ya yatima, ile ya mbao yenye kitambaa cha kahawia mbele. Mwalimu hakucheka. Saa za kazi zilipokwisha alikuja nyumbani, akamsalimia bibi kwa kupiga goti kidogo, akaitazama redio. Baba aliipata alipokuwa dereva wa wazungu fulani waliorudi kwao. Ilikuwa na bendi nne, na kwenye ile ya nne mshale ulikuwa unafika mbali, kwenye namba ambazo redio za wenzetu pale kijijini hazikuwa nazo.

"Hii inafika," mwalimu akasema.

Tulifunga waya wa shaba, uliotoka kwenye dinamo mbovu, kutoka kwenye mninga hadi kwenye paa la kihenge. Tukapindua kinu, redio tukaiweka juu ya kitako chake. Jioni ile hatukusikia kitu, wala iliyofuata. Siku nyingine, mwalimu akiwa amechuchumaa sikio karibu na kile kitambaa, ile kelele ya mvua inayotoka kwenye redio isiyo na stesheni ikafifia ghafla. Ni kama mtu alikuwa ameziba mdomo wa redio kwa kiganja.

"Kipo," akanong'ona. "Kipo juu, lakini hatuwezi kukisikia hivi. Nani ana redio nyingine? Upesi!"

Rafiki yangu alishainuka. Alikimbia. Kwao kulikuwa mbali, karibu na mto, lakini alirudi kabla jasho la mwalimu halijakauka, ameibeba redio ya baba yake ndani ya shuka kama mtoto mgonjwa. Siku hiyo alichelewa. Ile sauti ilikuwa imeshapita. Ila kesho yake tulizipanga redio mbili bega kwa bega juu ya kinu. Ile ya pili mwalimu aliipunguza sauti hadi mwisho, ikawa kimya kabisa, kisha akawa anakizungusha kitufe chake kwa ncha za vidole, unywele kwa unywele. Na redio ya baba yangu ikapiga mluzi.

Alitueleza hivi. Kila redio, wakati inasikiliza, na yenyewe inanong'ona kidogo, mnong'ono ambao sikio la mtu haliupati. Mnong'ono wa redio moja ukikutana na wimbi la kile cha juu ndani ya redio ya pili, ndipo mluzi unazaliwa. Redio moja peke yake itakuonyesha kwamba kuna kitu kinapita, lakini haitakupa sauti yake.

Ningependa ungeusikia mluzi ule. Ulianza mwembamba na wa juu, ukikatikakatika, piii, pi-pi, piii, kisha ukawa unashuka taratibu kama mtu anayeteremka kilima huku akiimba. Mwalimu alisema hata filimbi ya treni pale stesheni ya Mpanda inashuka hivyo ikikupita. Sisi hatukuwa tumewahi kuona treni. Tulijua kitu cha angani kabla ya kujua treni.

Kuanzia hapo ikawa kazi yetu. Mimi nilikaa kwenye redio yangu nikitafuta. Yeye alikaa kwenye redio ya baba yake akiufuata mluzi unavyoshuka, maana usipoufuata unazama usiuone tena. Hatukuongea. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mimi sikio langu lilikuwa zuri, na tulijuana kwa kupumua. Chombo kilikuja siku kadhaa mfululizo, kikachelewa kidogo kila siku, kisha kikapotea muda mrefu, halafu kikaja kingine chenye mlio tofauti. Vilikuwa vya nani hatujui hadi leo. Mwalimu mwenyewe alisema labda Warusi. Mchana tulianika betri juani juu ya bati la ofisi ya shule ili zipate nguvu tena, huku tukizilinda zisiibiwe na wenye tochi. Bibi alikiita kile chombo mgeni. "Mgeni wenu ameshapita?" anauliza kutoka jikoni. "Kama ameshapita, kuna maji ya kuteka."

Sasa niseme kilichokuwa hatarini, maana bila hicho usingeelewa kwa nini naandika.

Baba yake rafiki yangu hakuipenda shule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kiume wakubwa walikuwa wamekwishaondoka, na kila asubuhi mwanaye akienda darasani, yeye na magoti yake mabovu ndiye aliyewafuata ng'ombe. Tulikuwa tunakaribia kuingia darasa la saba. Jioni moja nilikuwa kwao, nakunywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikamsikia anamwambia:

"Mwanangu, ng'ombe wananipa maziwa, wananipa ngozi, watakupa na mke. Shule imekupa nini? Nionyeshe kitu kimoja tu."

"Nitakusikilizisha kitu kinachopita juu ya mawingu, baba."

Mzee akanitazama mimi. "Na wewe mtoto wa wakulima, unakubali uongo huu?"

"Siyo uongo, baba," nikasema. "Kinapiga mluzi."

Akakuna goti. Kisha akasema mavuno yakiisha, akirudi kutoka kuwatafutia ng'ombe malisho, atakuja kwa bibi kusikiliza. "Nikisikia, utamaliza la saba na mtihani utafanya. Nisiposikia, tusizungumze tena habari ya shule." Wakapeana mikono, baba na mwana, kama wanaume wawili mnadani. Mimi nilikuwa shahidi.

Wakati huo huo wa mavuno, rafiki yangu akiwa machungani na baba yake, ndipo mjomba alipokuja.

Alikuja na redio kaseti. Kama hukuishi miaka ile huwezi kujua redio kaseti ilikuwa nini. Ilikuwa ya rangi ya fedha, yenye spika mbili na mkono wa kubebea, na vitaa vyekundu vilivyocheza muziki ukipigwa. Ukibonyeza kitufe, mlango wa kaseti ulifunguka polepole kama kinywa cha mamba aliyeshiba. Mjomba alinieleza shida yake wazi. Kule ziwani alikohamia, milima inaziba. Redio ile ya kisasa haikushika kitu zaidi ya kelele. Redio ya marehemu shemeji yake ingeshika dunia nzima, na Kongo ng'ambo ya maji.

"Hii itashika hata ile bendi ya juu?" nikamuuliza.

"Redio ni redio, mjomba. Hii mpya, hiyo kuukuu. Kwani wewe unapoteza nini?"

Niliitazama. Nilikuwa najua pa kutazama. Namba kwenye kioo chake ziliishia njiani, mbali kabisa na mahali pale tulipokuwa tunamsubiri mgeni. Niliona kwa macho yangu. Lakini mjomba alikuwa ameshatia kaseti, muziki wa dansi umeshaanza, na wasichana wa nyumba ya jirani walikuwa wameacha kutwanga na kuja kusimama mlangoni. Mmoja wao alisema jina langu.

Bibi alikuwa anapepeta. "Redio ni yako," akasema. "Sema mwenyewe. Na yule mwenzako?"

"Atafurahi, bibi. Ina kaseti."

Ndipo nikasema lile neno nililokuambia mwanzoni.

Sitakudanganya, nilifurahi. Uwanja wa bibi ulijaa watu kila jioni. Walioniita yatima sasa waliniita bosi. Nilijiambia labda kuna njia, labda mwalimu atajua namna ya kuifanya ishike. Mwalimu alikuwa likizo kwao Tabora. Nilijiambia mzee atasahau.

Mzee hakusahau. Alikuja jioni, shuka safi, fimbo mkononi, akamsalimia bibi vizuri, akakaa kwenye kigoda. Bibi akampa togwa. Mwanaye alikuwa nyuma yake, ameibeba ile redio yao ndani ya shuka kama kawaida, amekonda kwa machunga, meno yote nje kwa furaha. Akazunguka kihenge. Akaiona ile ya fedha juu ya kinu.

Akanitazama. Mimi nikatazama waya.

Hakuuliza kitu mbele ya baba yake. Aliiweka redio yao pembeni ya ile, akaunga waya wetu kwa mikono yake mwenyewe, akachuchumaa, akaanza kuzungusha. Mshale ulikwenda, ukakwenda, ukagonga mwisho. Akaurudisha. Akaupeleka tena polepole, kama vile mara hii utaongezeka. Redio ilitoa kelele zake, mtu mmoja akasoma habari, ikapita nyimbo kidogo.

"Ndicho hicho?" mzee akauliza.

"Bado, baba. Hakijafika."

Tulikaa. Kuku wa bibi walipanda kulala. Mzee alisikiliza kwa uaminifu, kichwa ameinamisha, mkono nyuma ya sikio; nataka ujue hilo, alisikiliza kweli kuliko watu wengi niliowaona kanisani. Bibi akajaribu kusaidia: "Mpe nafasi, mwenzangu. Mgeni anayetoka mbali hivyo anaweza kuchelewa." Mzee akatabasamu. Baada ya muda mrefu akainuka, magoti yakalia.

"Nimesikiliza," akasema. "Nimesikia panya kwenye kihenge cha mama hapa. Wananenepa." Kisha, kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Ulisema kinapiga mluzi."

"Labda leo hakipiti, baba."

Neno moja lingetosha. Angesema tu kwamba redio yenyewe imebadilishwa na huyu hapa, na baba yake angenigeukia mimi. Hakusema. Alikunja shuka juu ya redio yao, akaifunga fundo, akamfuata baba yake. Na mimi, niliyekuwa na mdomo na ulimi, nilisimama pale nimeshika mkono wa redio kaseti ili isianguke.

Kesho yake alfajiri nilimvizia njiani akipeleka ng'ombe mtoni.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemaje? Ungebaki umesimama pale uchi mbele ya wazee." Akampiga ndama kidogo kwa fimbo. "Ina taa nzuri lakini."

 Mvua zilipokaribia walihamisha ng'ombe kuelekea kusini mwa bonde la Rukwa, ukoo wote. Alipita mbele ya shule tukiwa mstarini. Hakugeuka, au aligeuka wakati mimi nimeinama. Nilifaulu la saba, nikaenda sekondari, nikamaliza, nikapata ukarani Mpanda, nikaufanya hadi kustaafu. Ile redio kaseti ilianza kutafuna mikanda kabla sijaondoka Kasansa. Mjomba naye aliibiwa ile ya baba huko huko ziwani. Kwa hiyo hata vyenyewe tulivyobadilishana havikudumu.

Baada ya ile picha ya mjukuu wangu nilianza kuulizia. Nilisimama kwenye mnada wa ng'ombe, nikiwauliza wazee wa Kisukuma, hadi mmoja akanicheka: "Huyo? Alisharudi Kasansa zamani. Ana wajukuu mpaka hawajui majina." Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo safari ya basi moja tu kutoka kwake, na sikuwahi kuuliza. Nilipanga safari iangukie siku ambazo picha zinatumwa. Mjukuu alinifundisha kutumia kile kijidude mpaka akachoka. Nilifunga vipande vya futi kwenye kiroba, nikapanda basi, kisha bodaboda.

Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anasuka kamba. Alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki.

"Mpimbwe! Kuku wamekukimbia, umekuja kukopa?"

"Nimekuja kuona kama mmeacha kulala na ndama."

Tulicheka hadi mkewe akatoka kuangalia. Akaniletea maziwa. Tukataja waliokufa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, nikayatoa yote mara moja, vibaya: kwamba niliona ile redio haifiki, kwamba nilijua, kwamba naomba radhi.

Aliendelea kusuka. "Nilikasirika sana," akasema. "Nilikasirika mpaka nilipooa. Halafu mambo mengine yakaja."

"Shule ungeiweza kuliko mimi."

"Shule?" Akatikisa kichwa. "Shule sikuililia. Baba alikufa akiamini nilimdanganya. Nilimwambia kitu kipo, akavaa shuka safi, akaja kusikiliza, hakikuwepo. Mpaka anakufa, nikimwambia mvua inakuja, anatoka nje kutazama mwenyewe."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote nilikuwa najutia shule.

Muda ulipofika nilifunga antena, nikainua mkono. Kituo kilitokea upande wa ziwa, mlio ukajaa ua mzima, wajukuu wake wakaja mbio. Picha ikaanza kuchoreka kwenye simu. Yeye alisogea, akavua kofia, akatazama mstari baada ya mstari hadi chini kabisa. Alinyoosha kidole kama anataka kugusa, akakirudisha.

"Kwa hiyo siku hizi hakihitaji watu wawili," akasema.

"Hakihitaji."

"Ni vizuri." Akavaa kofia yake. "Ng'ombe wanarudi, bwana. Wewe endelea." Akachukua fimbo akaenda, na sikumwona amegeuka. Nilimsubiri hadi bodaboda wangu alipoanza kunung'unika juu ya giza. Mkewe ndiye aliyenisindikiza. Nimempigia simu tangu hapo. Anapokea vizuri, anaulizia familia, anasema ana kazi.

Kasansa ina umeme sasa. Nyumba ya bibi ilianguka, na pale palipokuwa na kihenge wamejenga duka la vocha na soda. Mninga ulishakatwa mbao. Mwalimu alihamishwa tukiwa bado watoto, na sikumbuki hata kama nilimuaga. Vyombo vile tulivyovisikiliza navyo vilishaanguka na kuungua zamani, mjukuu ameniambia, haviishi milele. Hakuna redio kijijini inayoachwa kwenye kelele tupu ili watu wasikilize. Watoto wakikosa mtandao kidogo tu wanaikasirikia simu.

Mimi hapa Misunkumilo napokea picha kila zinapotumwa. Nimezipata nyingi, nzuri, zenye rangi. Mjukuu yuko chuoni, kwa hiyo nainua antena mwenyewe, naangalia mwenyewe, nazima. Katika maisha yangu nilioa, nikalea watoto, nikafanya kazi na watu wema ofisini, na ninao wa kusalimiana nao barabara nzima. Lakini rafiki nilikuwa naye mmoja, nikambadilisha na redio yenye taa, na sikupata mwingine.